Ukitaka Kumwona, Njoo Nyumbani

12 Novemba

Mama Ernestine, fundi wangu wa kompyuta, amesema niandike. Si habari zangu, habari za mashine. "Tata Philippe, kila siku ukiwasha, andika imefanya nini. Sauti gani, mara ngapi. Bila vile mi nitakuwa natafuta tu kama kipofu." Ananiita tata, yaani baba, kama wote hapa. Basi nimechukua daftari ambalo zamani nilikuwa naandikia oda za harusi. Kurasa za nyuma bado ni nyeupe.

Leo imewaka saa nne asubuhi. Kabla picha haijatokea, ndani ya sanduku la kompyuta kumetoka sauti kama ya mtu anayegonga meza kwa ukucha. Mara tano. Kisha ikanyamaza, kompyuta ikaendelea. Mvua kidogo.

13 Novemba

Imewaka. Imegonga mara tatu.

14 Novemba

Umeme haukuwepo.

15 Novemba

Umeme haukuwepo. Mvua. Nimekula bukari, yaani ugali, ya jana. Hiyo si habari ya mashine, lakini nimeshaiandika, ibaki.

17 Novemba

Imewaka, imegonga mara tisa. Nimehesabu nikiwa nimesimama, mkono juu ya sanduku, kama unavyomshika mtoto mwenye homa.

Kama Mama Ernestine atasoma daftari hili, ukurasa huu auruke.

Mimi ni Philippe Mukalay. Kwa miaka ishirini na miwili nilipiga filamu za watu wa Kolwezi: harusi, komunyo ya kwanza, ubatizo, vilio vya misiba, sherehe za diploma. Kwanza kwa kamera ya kanda, baadaye kwa ile ya kadi. Magoti yalipokataa niliacha kazi, lakini sikuacha kuhifadhi. Msimu mmoja wa mvua kanda zilianza kuota ukungu, nikazihamisha zote kwenye kompyuta, moja moja, kisha nikazitupa. Kwa hiyo yote niliyoyapiga yamo katika diski moja, ndani ya sanduku moja, katika nyumba anamolala mtu mmoja.

Naandika Kiswahili cha shule, kile mafrere, mabruda wa misheni, walichotufundisha Kongolo nilikozaliwa. Mke wangu Brigitte alikuwa akinicheka, "Unasemaka kama kitabu cha Misa." Brigitte yuko Lubumbashi kwa binti yetu Jémima. Alikwenda kumsaidia na mtoto mchanga, kwa wiki sita. Mtoto yule sasa ana miaka miwili, anakimbia.

18 Novemba

Nimebeba sanduku mpaka kwa Mama Ernestine, kwa pikipiki, nimelikumbatia kifuani. Duka lake ni chumba kimoja nyuma ya soko. Zamani alikuwa akitengeneza kompyuta za kampuni moja ya mgodi, mpaka walipopunguza watu. Mikono yake haina haraka. Ameliwasha, ameinamisha sikio, amelizima.

"Tata, hii diski inakufa," amesema. "Hiyo sauti ni kichwa cha kusomea, kinatafuta njia, hakiione. Inaweza kukaa mwezi, inaweza kukaa mwaka. Inaweza kufa leo wakati uko unarudi ku nyumba."

"Basi tubadilishe."

"Tutabadilisha. Unataka ya ndani ao ya inje?"

Ameweka mbili juu ya meza. Moja nzito, tupu, bati la fedha juu na kibao cha kijani chini. Nyingine ndogo, nyeusi, ya kuingia mfuko wa shati, na waya mfupi.

"Ya ndani unaifunga mu sanduku na vis, skrubu bidogo; inakulaka kuran, umeme, ya mashine yenyewe. Iko mbio. Filamu zako kubwa zitafunguka bila kusita, na kwa ukubwa sawa bei yake inakuwaka ya chini. Ubaya wake ni huu: haitoke. Radi ikipiga mashine, binakufa byote. Ya inje, mvua ikianza unachomoa, unaweka mu kabati. Unaichomeka ku televizyo ya mutu yeyote, fasi yoyote. Ubaya wake: inaanguka. Waya inalegea. Na mwizi hatahitaji hata mufuko."

"Wewe ungechukua ipi?"

"Mi ningechukua zote mbili. Kitu kikikuwa fasi moja tu, ni kama hakiko."

Nimesema nataka ya ndani. Ameniuliza juu ya nini. Nimejibu: kasi, na wezi. Ameniangalia kidogo, kisha akasema ya ndani yenye ukubwa ule hana, itatoka Lubumbashi, labda mwezi. "Hii ya inje iko hapa, tata. Unaweza kwenda nayo sasa hivi, tukaanza kunakili kesho."

"Nitangoja," nimesema.

19 Novemba

Kasi na wezi ni sababu nzuri. Sikusema uongo.

Leo Jumapili, na Jumapili baada ya Misa Brigitte hupiga simu. Ameuliza habari za magoti. Nimeuliza habari za mtoto. Kisha amesema kile anachosema kila mara, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Tata Jémima, ile ya Gael. Hata kidogo tu. Mama Ernestine anaweza kuiweka ku fleshi, dereva wa basi analeta."

Gael ni mtoto wetu wa pili. Alikuwa mchimbaji, akichimba kobalti pamoja na wenzake. Miaka mitatu iliyopita, Septemba, shimo liliwaangukia. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

"Filamu zake zipo hapa," nimejibu. "Ukitaka kumwona, njoo nyumbani."

Nimesikia mjukuu akigonga sufuria kule.

"Sawa, tata. Ubakie muzuri."

Ndiyo Jumapili zetu hizo, tangu mwaka jana. Sasa nitaandika, kwa kuwa hakuna atakayesoma: kitu kisichotoka ndani ya nyumba, mtu hana budi kukifuata ndani ya nyumba. Ndiyo sababu nataka diski ya ndani.

20 Novemba

Imewaka. Imegonga mara sita.

26 Novemba

Imegonga, sikuhesabu. Nilikuwa na mgeni.

Tatiana amekuja. Ni mwalimu wa shule ya msingi mtaa wa pili, binti wa Mbuyu wa Fungurume. Mama yake, marehemu Bilonda, aliolewa hapa Kolwezi mwaka 1998, na kamera ilikuwa yangu. Mara moja kwa mwezi Tatiana huja na mikate ya mafuta kwenye karatasi, anakaa kwenye kiti cha Brigitte, anaitazama harusi ya wazazi wake tangu mwanzo hadi mwisho, dakika arobaini. Hucheka palepale kila mara, Mbuyu anapoangusha pete na padri anapopiga magoti kuitafuta chini ya benchi.

"Muone tata yangu," anasema. "Jasho yote ile!"

Nilikuwa nimefagia tangu asubuhi. Nilichemsha chai mara mbili. Filamu ilipokwisha nikamwambia ipo pia ile ya ubatizo wake, akasema ana madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha. Akaenda. Nimekiacha kikombe chake mezani mpaka jioni.

1 Desemba

Umeme haukuwepo siku tatu. Mvua kubwa. Barabara mbele ya nyumba imekuwa mto mwekundu.

3 Desemba

Brigitte: magoti, mtoto, Gael. Nimejibu lilelile. Leo hakusema sawa. Amesema, "Haya," na kukata.

9 Desemba

Mama Ernestine amepita mwenyewe, mwavuli mkononi, akitoka kwa mteja. Amesikiliza sanduku, akatikisa kichwa. "Tata, tunakili hata ku ile ndogo, kwa sasa. Ile ya ndani ikifika tutaihamisha. Ni kuchomeka tu."

Nimemwambia hakuna haraka.

"Haraka si yako," amesema. "Ni ya diski."

Mwanamke huyu anaongea sana. Niliandika sentensi hiyo, kisha nikakaa nikiitazama. Hajaongea sana. Alisimama mlangoni kwa dakika tano na mimi nikataka aketi.

16 Desemba

Imewaka, imegonga muda mrefu, picha imechelewa.

Tatiana amekuja, lakini si kutazama. Hakuketi. Baba yake Mbuyu ni mgonjwa Fungurume, mapafu, madaktari wamemrudisha nyumbani. Hali chakula. Anaomba kuona harusi yake.

"Tata Philippe, nimekuya kukuomba. Unipatie copie, nakala yake. Kesho naenda kule, nitamuwekea ku televizyo, atamuona mama."

Ningeweza kusema ndiyo. Mama Ernestine alikuwa dukani, diski nyeusi ilikuwa kwenye kabati lake. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Naandika nilichosema badala yake: kwamba mashine inaumwa, kwamba kunakili kutaichosha, kwamba diski mpya inakuja na baada ya hapo tutaona. Kisha nikaongeza, na hili hakuna aliyenilazimisha:

"Mlete. Nitamtengenezea nafasi kwenye kiti kirefu."

Tatiana amenitazama kama mtu anayetafuta kujua kama ninatania.

"Tata, hawezi hata kukaa. Nitamuleta namna gani?"

"Basi subirini kidogo."

"Sisi tunaweza kusubiri," amesema. Akafunga mlango taratibu. Angeubamiza, ningekuwa na jambo la kukasirikia.

17 Desemba

Brigitte hakupiga simu.

20 Desemba

Diski ya ndani imefika. Mama Ernestine amesema nimpelekee sanduku leo, atakaa nalo siku tano au sita. Nimehesabu: litakuwa kwake wakati wa Noeli. Nimemwambia baada ya sikukuu. Noeli mtu anaweza kuja kutazama kitu.

25 Desemba

Misa. Kuku nusu. Nimefagia.

Hakuna aliyekuja.

Saa tisa niliwasha mashine ili nimtazame Gael mwenyewe. Imegonga, imegonga, picha ikaja nusu na kuganda: mkono wake tu na kipande cha ndoo. Nimeizima.

1 Januari

Jémima ndiye aliyepiga. Amesema mama anapumzika. Nyuma yake nilimsikia mama akiongea na mtoto.

7 Januari

Baada ya Misa, kwenye matangazo, padri amesoma: Mbuyu, aliyewahi kuwa mwanakwaya wa parokia hii, amefariki Fungurume jana asubuhi.

Nimebaki nimeketi mpaka watu wa Misa ya pili walipoingia. Mama mmoja akaniomba nisogee.

8 Januari

Nimekwenda Fungurume kwenye kilio. Nitaandika yote.

Basi lilijaa; lori za shaba zilitusimamisha mara tatu, matope mpaka kwenye vioo. Nyumba ya Mbuyu ni ile ya upande wa reli, turubai limetandazwa mbele, wanaume kwenye viti vya plastiki, wanawake ndani. Nikasalimia, nikapewa kiti. Watu wa kwaya walinijua. Mmoja akasema kwa sauti, "Huyu njo mwenye alipiga filamu ya ndoa yao!" Wakageuka wote, wakanipa mkono kwa heshima. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mbele yangu, kupitia mlango uliokuwa wazi, ukutani, palikuwa na televisheni. Kubwa, nyeusi, imefunikwa kitambaa kama desturi ya kilio. Sikuweza kutazama kitu kingine.

Tatiana alitoka na jagi la maji, akimwagia watu mikono. Alipofika kwangu nikasimama.

"Tatiana, mwanangu. Pole. Nimekuja..."

"Asante, tata. Kaa."

"Ile filamu..."

Alimwaga maji juu ya mikono yangu, polepole, mpaka yakaisha. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa umechoka tu.

"Aliuliza mara tatu," alisema. "Ya kwanza nilimuambia inakuya. Ya pili nilimuambia inakuya. Ya tatu hakuuliza na kinywa, aliangalia tu kule." Akageuza kidevu kuelekea televisheni. "Kula, tata. Bukari iko."

Nilikula. Nilimeza kila tonge. Baada ya hapo nilitoka nikasimama karibu na reli, mvua ikaanza, sikufungua mwavuli.

Nilikuwa nimejiambia kwa mwaka mzima kwamba nawatunzia watu wapendwa wao. Leo nimeona nilichokuwa nafanya. Nilimshikilia Bilonda ili Tatiana aje aketi kwenye kiti changu. Ninamshikilia Gael ili mama yake arudi. Nimekuwa kama mtu aliyejenga ukuta kuzunguka kisima, halafu analalamika kwamba watu hawamtembelei.

9 Januari

Nimefika Kolwezi saa tano asubuhi, nimekwenda moja kwa moja kwenye mashine. Niliiacha imechomekwa ukutani. Jirani anasema jana radi ilipiga karibu na transfoma, taa za mtaa mzima ziliwaka kama jua kisha zikazimika.

Nimebonyeza. Imewaka. Imegonga. Imegonga. Imegonga. Hakuna picha. Nimezima na kuwasha mara nne, ingawa najua ni kosa. Mara ya nne haikugonga tena.

Dukani kwake, sanduku likiwa mezani, Mama Ernestine alisikiliza habari yote amesimama. Nilingoja aseme "nilikuambia". Alichukua bisibisi, akaitoa diski, akaifunga kwenye kitambaa.

"Umewasha mara ngapi?"

"Nne."

"Usiniambie ulilia juu yake pia. Maji si dawa ya diski." Kisha, kwa sauti nyingine, "Acha kwangu, tata. Siahidi kitu. Nitaivuta kidogo kidogo, filamu moja moja. Enda ku nyumba."

10 Januari

Hakuna mashine ya kuandika habari zake.

11 Januari

Mvua.

12 Januari

Mvua. Nimekaa mbele ya meza yenye alama ya vumbi, mraba safi pale sanduku lilipokuwa.

14 Januari

Jumapili. Safari hii nimepiga mimi. Brigitte amepokea. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri, yote yakapotea.

"Mama Jémima, diski imekufa. Labda Gael amekwenda nayo. Ningekutumia zamani ungekuwa naye. Nilikataa kwa sababu nilitaka urudi. Nilikufanyia kama mtu anayetega kuku kwa mahindi."

Nilimsikia akifunga mlango.

"Mama Ernestine anaivuta?" akauliza.

"Anaivuta."

"Ngoja basi." Akakata.

20 Januari

Mama Ernestine ameniita. Juu ya meza yake diski ya zamani imelala uchi, feni ndogo inaipuliza. Ameandika orodha kwa mkono, kurasa saba.

"Kila kitu ambacho kilikubali kutoka, kimetoka. Nyingi ni nzima. Ndoa za miaka ya mwisho, zote. Bitu bya zamani bimekatika, bingine havifunguke." Amepitisha kidole. "Ya Gael zilikuwa sita. Nimepata moja. Dakika kumi na moja."

Nimeketi kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Na harusi ya Bilonda? Elfu moja mia tisa tisini na nane?"

Ametafuta, ingawa nadhani alijua. "Jina liko. Ndani hakuna kitu, tata."

Nilimwuliza mara mbili. Alijibu mara mbili, vilevile.

Kisha nikamwambia anipe ile nyeusi ya nje. Mbili. Na ile ya ndani iliyofika aifunge kwenye sanduku. Aliziandaa zote tatu, na juu ya kila moja akabandika karatasi yenye tarehe. Akanifundisha: usichomoe kabla mashine haijakuambia ni salama, usiiweke juu ya televisheni yenye joto, mara moja kwa miezi michache iwashe, isilale sana, na zile mbili zisilale nyumba moja.

"Sasa unaweza kuchagua nani akae na ya pili," amesema.

21 Januari

Nimekwenda kwa Tatiana. Miaka yote hii sikuwahi kujua nyumba yake ina mlango wa buluu.

Nilimwambia mlangoni, kabla hajanikaribisha, ili asije akanikaribisha bila kujua. Harusi ya wazazi wako imepotea. Nilikuwa na wakati wa kuiokoa. Ni kosa langu.

Aliingia ndani. Nikasubiri. Nilifikiri hatarudi. Akarudi na viti viwili, akaviweka kwenye baraza, pasipofika mvua.

"Mama alivala nini?" akauliza.

"Umeiona mara nyingi."

"Nilikuwa naangalia nyuso. Weye ulikuwa kule. Niambie bitu byenye kamera haikuona."

Basi nikamwambia. Kwamba gauni liliazimwa kutoka Likasi na lilikuwa refu, shangazi zake wakalipinda kwa pini asubuhi ileile. Kwamba Bilonda alikuwa na kikohozi, na kila mara alipotaka kukohoa alinipa ishara kwa kidole nigeuze kamera. Kwamba Mbuyu, kabla ya Misa, alikuja kuniuliza kama filamu itaonyesha kiatu chake kilichotoboka, nikampiga picha kuanzia magotini kwenda juu siku nzima. Tatiana alicheka, kisha akalia, kisha akaniuliza tena kuhusu kiatu. Alikuwa na daftari la shule mapajani. Aliandika.

Sijui kama amenisamehe. Alinisindikiza mpaka kona.

3 Februari

Lubumbashi, nyumbani kwa Jémima.

Nimesafiri siku nzima diski ikiwa kwenye soksi, soksi kwenye mfuko wa shati, mkono juu ya mfuko. Jirani yangu kwenye basi aliniuliza kama nina maumivu ya moyo.

Brigitte amefungua mlango. Amepungua. Nywele zake zimekuwa nyeupe upande mmoja. Sikujua nimpe mkono au nimkumbatie. Yeye akachukua mwavuli wangu na kuutikisa.

Hakuna aliyetaka kula kwanza. Jémima alichukua mtoto akaenda naye nje. Nilichomeka diski kwenye televisheni, taa yake ndogo ikawaka, jina likatokea. Brigitte akachukua rimoti, akabonyeza mwenyewe.

Uani, Kolwezi. Gael anaosha pikipiki ya rafiki yake, suruali imekunjwa, anaimba vibaya kwa makusudi. Sauti yangu nyuma ya kamera inamkaripia: sabuni hiyo ni ya nguo! Anageuka, anaigiza mwendo wangu, tumbo mbele, mikono nyuma. Kisha Brigitte anaingia kwenye picha na beseni, anamrushia maji, anakimbia, na kamera inaruka kwa sababu mimi pia nacheka. Mengine ni hayohayo: maji, kelele, mbwa wa jirani.

Dakika kumi na moja. Brigitte hakulia. Alisogea mpaka magoti yake yakagusa meza. Ilipokwisha, akairudisha mwanzo. Mara ya tatu akaizima, akaniangalia.

"Kama ungenitumia, ningerudi mwaka ule ule," alisema.

Sikuelewa.

"Mi nilikuwa naogopa ile nyumba, Philippe. Kila nikifikiri juu yake, ninaona siku bantu balimuleta Gael, bamemulaza mu kati ya ua. Ua yote ilikuwa ile siku. Nilikuomba picha ili nione tena mutoto anatembea mule. Ili niweze kuingia. Weye ukasema, kuya kwanza."

Nje mjukuu alikuwa akimwita bibi yake. Brigitte hakuinuka.

Nilimwambia nisamehe. Nililisema kwa Kiswahili cha kitabu cha Misa, sina kingine. Safari hii hakunicheka. Alichomoa diski bila kusubiri iseme, nikataka kupiga kelele, nikajizuia. Akaifunga kwenye kitambaa chake cha kichwa na kuiweka kabatini, chini ya nguo zake.

"Hii inabaki na mimi," alisema.

"Ndiyo. Nimekuletea."

6 Februari

Nimerudi Kolwezi. Peke yangu. Hakusema atakuja, sikumwuliza.

7 Februari

Mashine imewaka. Haina sauti.

10 Februari

Imewaka. Haina sauti. Nimeanza kunakilia watu filamu zao. Nimemwomba padri atangaze: mwenye harusi, mwenye ubatizo, mwenye marehemu, alete fleshi. Wamekuja saba. Hawakukaa, mtu akishapata kitu chake huenda nacho nyumbani. Saa kumi nyumba ilikuwa tupu tena.

25 Februari

Tatiana amepita kuchukua ubatizo wake. Ameniambia daftari lake limefika ukurasa wa kumi na mbili, na kwamba shangazi zake wanabishana naye kuhusu zile pini.

3 Machi

Brigitte hakupiga.

10 Machi

Brigitte hakupiga. Mvua ya mawe.

17 Machi

Jumapili. Mvua tangu alfajiri. Simu imelia nikiwa namenya muhogo.

"Tata Jémima, huko kunanyesha?"

"Sana."

"Maji inaingia?"

Nilitaka kusema hapana. "Chumba cha Gael. Bati limelegea upande wa dirisha, maji yanadondoka juu ya kitanda."

Nilimsikia akivuta pumzi. Ni mara ya kwanza jina la chumba kile kutajwa kati yetu tangu alipoondoka.

"Basi toa kitanda pale," alisema. "Kisukume ku ukuta wa ndani, na godoro uianike jua ikitoka. Mi nikikuya, siko mutu wa kulala mu maji."

Nimekisukuma. Kilikuwa kizito kuliko nilivyokumbuka.